Ukarabati wa jiko kwa pesa kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu jiko la nyumba ya kawaida ya tofali za saruji, kama zile za Mbagala, Tegeta au Kibaha: chumba cha mita 3 kwa 2.7, dirisha moja, sinki moja, na kaunta ya mita 3 iliyonyooka ukutani. Hesabu zote zimefanywa kwa jiko hilo. La kwako likiwa na vipimo tofauti, badilisha namba, njia ya kukokotoa ni ileile. Bei hatujaziweka, kwa sababu Kariakoo na duka la mtaani haziko sawa na zote mbili hupanda bila taarifa. Ukiwa na idadi kamili mkononi, bei utaiuliza mwenyewe.

Pesa haitoshi kufanya yote. Nianze na nini?

Anza na vitu vitakavyofunikwa: mabomba ya maji safi, bomba la maji machafu, nyaya za umeme na plasta iliyooza. Milango ya kabati inaweza kusubiri mwaka mzima na jiko likapikika. Bomba linalovuja nyuma ya marumaru halisubiri. Siku utakayolirekebisha utavunja marumaru, utachimba ukuta, utapiga plasta upya na kutafuta marumaru za rangi ile, ambazo mara nyingi dukani zimekwisha.

Watu wengi hufanya kinyume. Wananunua kabati zinazong'aa na koki ya kupinda, halafu wanafunga juu ya bomba la chuma lililoshika kutu. Jiko linapendeza kwenye picha na linaharibika ndani ya msimu mmoja.

Mgawanyo tunaoupendekeza: theluthi moja ya pesa kwa maji, umeme na plasta. Theluthi nyingine kwa kaunta, marumaru na sinki. Kinachobaki ni cha kabati, rangi na taa, lakini kwanza toa asilimia 15 ya bajeti yote uiweke pembeni kwa yatakayojitokeza ukuta ukishavunjwa. Yatajitokeza.

Naweza kuhamisha sinki kwenda ukuta wa pili?

Unaweza, lakini ndilo badiliko linalokula pesa kuliko yote kwa faida ndogo. Maji safi hayana shida, presha huyasukuma popote. Maji machafu huenda kwa mteremko tu. Bomba la inchi 2 linahitaji kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukisogeza sinki mita 4 kutoka lilipo, bomba lazima lishuke sentimita 10 kabla ya kufika kwenye chemba ya nje. Hiyo maana yake ni kuvunja sakafu, na kama chemba yako haina kina cha kutosha, kuvunja na chemba pia.

Fundi akikuambia "tutalilaza tu, maji yatapita", mkatalie. Maji yatapita, mafuta na chembe za wali vitabaki, na ndani ya miezi michache bomba litaziba. Mteremko mkali kupita kiasi nao ni tatizo: maji hukimbia na kuacha uchafu nyuma.

Sinki likae ukuta wa nje, karibu na lilipokuwa. Kulisogeza nusu mita kulia au kushoto ni sawa. Chini yake lazima kuwe na trapu, lile pindo linalobaki na maji muda wote. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wa kwenye chemba wasipande. Bomba laini la mikunjo lililonyooshwa moja kwa moja hadi sakafuni si trapu, hata kama linauzwa pamoja na sinki.

Kaunta ipi ni nafuu na inadumu: zege, granaiti au mbao?

Zege lenye marumaru juu yake. Halivimbi kwa maji, haliliwi na mchwa, linabeba jiko la gesi na sufuria ya makande bila kulalamika, na vifaa vyake vyote vinapatikana mtaani. Zaidi ya hapo linakuokolea pesa ya kabati, kwa sababu kuta za tofali zinazolibeba ndizo zinakuwa kuta za kabati. Unabaki kununua milango tu.

Granaiti ni nzuri, lakini unalipia jiwe, kukata, tundu la sinki na kung'arisha kingo. Kama unaitaka, mwage zege sasa, ubandike granaiti mwaka ujao. Mbao, hata mninga, karibu na sinki zinadai kupakwa mafuta au vanishi mara kwa mara, na wengi husahau.

Zege la kaunta ya mita 3 linahitaji vifaa gani hasa?

Upana sentimita 60, unene sentimita 7.5. Ujazo ni 3 × 0.6 × 0.075, yaani mita za ujazo 0.135. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) unahitaji mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga ndoo 3 hadi 4 za lita 20, na kokoto ndogo ndoo 6 hadi 7. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko mzima. Mafundi hupenda kuongeza maji ili zege liteleze kwenye boksi, yaani umbo la mbao linalomwagiwa zege, lakini maji yakizidi zege hukauka na matundu na nyufa.

Nondo za milimita 10: nne za mita 3 kwa urefu, zikiachana kama sentimita 15 hadi 17, na 16 za sentimita 55 kwa upana, zikiachana sentimita 20. Za urefu zinakula mita 12, za upana karibu mita 9. Nondo mbili nzima zinatosha na kipande kinabaki.

Mahali nondo inapokaa ni muhimu kuliko wingi wake. Zege lililolala juu ya kuta mbili huvutika upande wa chini linapobeba mzigo, kwa hiyo nondo zikae chini, zikiinuliwa sentimita 2 kutoka kwenye boksi kwa vipande vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti. Nondo zikilala moja kwa moja juu ya mbao zitaonekana kwa chini, zitashika kutu na kulipasua zege. Kama kaunta inatokeza hewani bila ukuta chini yake, mambo yanageuka: kwenye sehemu hiyo nondo zikae juu.

Kuta za kubeba ni nne, za tofali la inchi 5: mbili mwishoni, mbili katikati. Zinaacha vyumba vitatu vya sentimita 83 hivi. Sinki lichukue chumba kimoja, na tundu lake liwe kati ya kuta mbili, kamwe lisikatize juu ya ukuta. Nunua sinki kabla ya kumwaga zege, chora umbo lake kwenye boksi, acha tundu. Kutoboa zege lililokauka kwa grainda ni vumbi, kelele na nondo zilizokatwa ovyo.

Baada ya kumwaga, funika kwa magunia yenye unyevu, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Mbao za pembeni zinaweza kutoka siku ya pili, lakini nguzo za chini zinazoshikilia boksi ziache siku 10. Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo. Mchanga wa ufukweni una chumvi inayokula nondo na kutoa ungaunga mweupe ukutani kila masika.

Kaunta iwe na kimo gani?

Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Kwa watu wengi inaangukia kati ya 85 na 90. Pima mpikaji mkuu wa nyumba, si fundi. Ukilenga 90, kuta za tofali ziishie 80, zege 7.5, na 2.5 iliyobaki ni ya gundi na marumaru. Kosa la kawaida ni kupima kimo kutoka kwenye sakafu ambayo bado haijawekwa marumaru. Sakafu ikipanda sentimita 3, kaunta inakuwa fupi na mgongo unalipa.

Kati ya kaunta na kabati za juu acha angalau sentimita 50. Kabati za juu zisizidi kina cha 35, la sivyo utazigonga kwa paji la uso. Njia ya kupita mbele ya kaunta iwe mita moja, au sentimita 90 kama chumba ni chembamba. Hakikisha mlango wa friji unafunguka wote bila kugonga kitu.

Ninunue marumaru ngapi?

Ukutani, kutoka kaunta kwenda juu sentimita 60: mita 3 × 0.6 ni mita za mraba 1.8. Marumaru moja ya 30 × 60 ni 0.18, kwa hiyo ni kumi kamili. Ongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukata, zinakuwa 11. Boksi nyingi za saizi hiyo zina marumaru 8, hivyo nunua boksi 2. Tano zinazobaki usiwape jirani. Zihifadhi, siku moja utatoboa ukuta.

Sakafuni: 3 × 2.7 ni mita za mraba 8.1, ukiongeza asilimia 10 ni 8.9. Boksi ya 60 × 60 yenye marumaru 4 inafunika 1.44, kwa hiyo boksi 7. Nunua zote siku moja na kagua alama za ubavuni: namba ya rangi na namba ya saizi ziwe sawa kwenye kila boksi. Boksi mbili za jina moja lenye namba tofauti zinaweza kupishana milimita moja, na milimita hiyo ukiizidisha kwa chumba kizima mistari inapinda. Za sakafuni ziwe zisizoteleza. Ile inayong'aa kama kioo ni hatari mafuta yakimwagika.

Gundi: mfuko wa kilo 20 unafunika mita za mraba 4 hadi 5, kwa hiyo mifuko 3 inatosha ukuta na sakafu.

Kwa nini marumaru hubanduka au kulia "ko ko" zikigongwa?

Sababu kubwa ni fundi kuweka vidonge vitano vya udongo wa saruji nyuma ya marumaru na kuibandika. Pembe zinabaki hewani, maji yanaingia, na chochote kizito kikianguka zinapasuka. Gundi ipakwe eneo lote kwa mwiko wa meno. Bandua moja ya mwanzo uangalie mgongo wake: kama hauoni gundi sehemu kubwa, simamisha kazi.

Sababu ya pili ni saruji tupu kwenye marumaru za posleni. Zile za kawaida za ukutani hunyonya maji, ndiyo maana mafundi huziloweka kabla ya kubandika kwa saruji. Posleni hainyonyi, saruji haina pa kushika, inahitaji gundi yake. Ya tatu ni kubandika juu ya rangi ya mafuta. Rangi hiyo ikwanguliwe na ukuta uchongwe-chongwe kwanza.

Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya marumaru na marumaru, subiri saa 24, ndipo utie grauti, ule uji wa saruji wa kuziba nafasi hizo. Kwenye pembe ambapo kaunta inakutana na ukuta tumia silikoni badala ya grauti, maana hapo ndipo nyufa huanzia.

Naweza kubandika juu ya marumaru za zamani?

Ndiyo, kama za zamani zimeshika. Zigonge zote, zinazolia tupu zing'oe na uzibe kwa plasta. Zikwaruze kwa grainda, zioshe mafuta, tumia gundi iliyoandikwa kuwa inafaa juu ya marumaru. Unaokoa kazi ya kuvunja na kubeba kifusi. Lakini sakafu itapanda zaidi ya sentimita moja, kwa hiyo kagua kama mlango bado utafunguka.

Kabati za MDF ni nzuri?

Juu ukutani, sawa. Chini ya sinki, hapana. MDF na chipbodi, mbao za unga na chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, hunyonya maji kwenye kingo zilizokatwa, huvimba na hazirudi. Chini tumia plaiwudi au blokibodi, au milango ya aluminiamu ambayo haijali maji wala mchwa.

Kwa kaunta ya zege yenye vyumba vitatu unahitaji milango sita ya sentimita 40 × 70 hivi. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8, unene milimita 18, unatoa mitatu kwa upana na mitatu kwa urefu, yaani tisa. Milango yako yote inatoka kwenye ubao mmoja na kipande cha rafu kinabaki. Mwambie seremala hivyo kabla hajakuandikia mbao tatu. Pima kila chumba peke yake kabla ya kukata, kwa sababu kuta za tofali hazitokei sawa.

Droo ni ghali kuliko milango kwa sababu ya reli zake. Tengeneza moja tu ya vijiko na visu. Kama pesa imekwisha kabisa, pazia la kitambaa kwenye waya linafunika sufuria vizuri tu, na mbali na moto halina ubaya.

Umeme unahitaji nini?

Soketi za kutosha, ili kusiwe na ekstensheni. Birika la umeme hula wati 2,200, maikrowevu karibu 1,200, presha kuka ya umeme 1,000. Zikiwaka pamoja ni wati 4,400, yaani zaidi ya ampea 19 kwa volti 230. Ekstensheni yenye plagi ya ampea 13 haibebi hiyo, inayeyuka.

Weka soketi mbili-mbili sehemu tatu juu ya kaunta na moja ya friji, kwa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye sakiti breka yake kwenye meinswichi, tofauti na ya taa. Jiko la umeme la kuoka linahitaji laini yake peke yake ya waya wa 6 na breka ya ampea 32. Soketi isiwe juu ya sinki wala nyuma ya moto. Kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, si anasa mahali penye maji na mikono yenye unyevu. Na erthi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, lazima iwepo kweli: nyumba nyingi za zamani zina soketi za matundu matatu zenye nyaya mbili tu. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, huku ndiko kwa kutobana pesa.

Kabla ya plasta, piga picha kuta zote zikiwa wazi, na futi ya kupimia ikionekana. Picha hizo zitakuzuia kutoboa waya siku ya kutundika kabati.

Mtungi wa gesi ukae wapi?

Nje ni bora, penye kivuli na wavu wenye kufuli. Ukikaa ndani, usimame wima, mahali pa wazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo kama mtungi uko ndani ya kabati, milango iwe na matundu chini. Dirisha lililo wazi juu halitoi gesi iliyolala chini. Matofali ya matundu usawa wa sakafu, kwenye ukuta wa nje, yanaitoa.

Mpira usizidi mita moja na nusu, ufungwe kwa klampu ncha zote mbili, usipite nyuma ya jiko lenye oveni wala kufichwa ukutani. Kama gesi lazima ipite ukutani, ni bomba la shaba na fundi wa gesi. Pima uvujaji kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Maji yanatoka kidogo. Nibadilishe koki?

Pengine koki haina kosa. Kila mita moja ya kimo kutoka bombani hadi usawa wa maji kwenye tangi inakupa presha ya bar 0.1 tu. Tangi likiwa mita 2 juu ya sinki, una bar 0.2, na koki nyingi za kisasa zenye matundu membamba zimetengenezwa kwa presha kubwa zaidi. Chagua koki ya kawaida yenye njia pana, tumia bomba la milimita 25 kutoka kwenye tangi na 20 kwenye kipande cha mwisho tu.

Kwa mabomba ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa joto, kagua maungio. Fundi akipasha joto muda mrefu, plastiki hujaa ndani na kuziba nusu ya njia. Kwa joto la nyuzi 260, bomba la 20 linahitaji sekunde 5, la 25 sekunde 7. Maji ya kisima chenye chumvi, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam, hula mabomba ya chuma, usiyarudishe. Weka koki ndogo ya kufungia chini ya sinki, na ujaze mabomba maji kwa saa 24 kabla ya kuruhusu plasta.

Kazi zifuatane vipi?

Kupima na kununua sinki. Kuvunja. Mabomba na nyaya. Kupima uvujaji. Kuta za kaunta na plasta. Zege, na siku zake za kukomaa. Marumaru za ukuta na kaunta, kisha za sakafu. Rangi. Mwisho milango, sinki, koki na vifuniko vya soketi. Panga wiki tatu hadi nne, kwani siku 10 za zege hazipunguzwi kwa haraka ya mtu. Andaa pa kupikia kwa muda huo kabla nyundo ya kwanza haijagonga.

Nimlipe fundi vipi?

Kwa hatua zilizokamilika, si kwa siku. Andikeni karatasi: kazi gani, vipimo, nani ananunua vifaa, nani anabeba kifusi. Vifaa nunua mwenyewe na uchukue risiti. Fundi mpe kianzio kidogo, sehemu baada ya mabomba kupimwa, sehemu baada ya zege, sehemu baada ya marumaru. Asilimia 10 ibaki hadi sinki litumike wiki moja bila kuvuja. Fundi mzuri hakatai sharti hilo. Anayetaka nusu ya pesa kabla ya kuleta mwiko, mshukuru na umtafute mwingine.

Naishi nyumba ya kupanga. Nifanye nini?

Fanya vinavyohamishika: meza imara ya kupikia, rafu za chuma, taa nzuri, koki mpya. Bomba na umeme ni vya mwenye nyumba. Ukikubali kuvitengeneza na kukata kwenye kodi, makubaliano yawe kwa maandishi na risiti ziambatanishwe kabla ya kazi kuanza, si baada yake.

Kaunta imekamilika. Lini nianze kuitumia?

Grauti ipe siku mbili bila maji, silikoni saa 24. Jiko la gesi unaweza kuliweka mara tu marumaru za juu zikishashika, siku ya pili. Kinu cha kutwangia kiache sakafuni daima, hata zege likomae vipi: marumaru ya juu ndiyo itakayopasuka.